Charlie Chaplin: mtoto wa nyumba ya mafukara na kofia ya kuazima

Mwaka 1987, katika mnada uliofanyika London, kofia moja nyeusi pamoja na fimbo ya kutembelea viliuzwa kwa zaidi ya pauni 80,000 za Uingereza. Miaka 25 baadaye, mwaka 2012, kofia na fimbo nyingine viliuzwa Los Angeles, Marekani, kwa zaidi ya dola 60,000.

Kofia za namna hiyo si adimu. Ni ngumu, zina kichwa cha duara na ukingo mfupi uliopinda juu pembeni. Zilitengenezwa kwa wingi mno, na mpaka leo unaweza kuipata moja kwenye duka la vitu vya zamani kule Ulaya kwa bei ya kawaida tu. Kilichonunuliwa kwa fedha zile kilikuwa ukumbusho wa mtu aliyewahi kuzivaa. Jina lake Charles Spencer Chaplin, dunia ikamwita Charlie.

Hata sisi tumebaki na alama yake. Katika kamusi za Kiswahili limo neno chale, maana yake mtu wa kuchekesha. Wengi hulihusisha na jina hilihili la Charlie, na ukilitamka utaona sababu.

Leo, msikilizaji, tunamsimulia Chaplin kwa kuifuata kofia yake: ilikotoka, ilivyofika kichwani mwake, na kwa nini watu wanaendelea kuitafuta na kuitunza.

Kofia ya walinzi wa msitu

Kofia hii ilizaliwa kabla ya Chaplin. Mwaka 1849, bwana mmoja wa ukoo wa Coke, wenye shamba kubwa la Holkham huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, aliagiza kofia mpya kwa ajili ya walinzi wa wanyama wake. Walinzi hao walikuwa wakivaa kofia ndefu zilizosimama kama bomba. Kila walipopita chini ya miti, matawi yaliwavua. Ilitakiwa kofia fupi, ngumu, itakayokaa kichwani na kuzuia hata rungu la jangili.

Duka la Lock la London lilipokea oda hiyo na kuipeleka kwa mafundi wa ukoo wa Bowler, waliokuwa na karakana Southwark, kusini mwa mto Thames. Inasimuliwa kwamba bwana yule alipokuja kuichukua aliiweka chini akaikanyaga mara mbili. Haikubonyea. Akalipa shilingi 12 akaondoka nayo. Tangu hapo ikajulikana kwa jina la mafundi wake, kofia ya Bowler. Wamarekani wao huiita derby.

Baada ya miaka michache ilitoka msituni ikaingia mjini. Waliivaa makarani wa benki, wafanyabiashara, wasimamizi wa viwanda na hata vibarua siku ya Jumapili. Mwenye kuivaa alikuwa anawaambia watu kwamba naye ni mtu wa heshima zake.

Mapunye na mpira wa makaratasi

Chaplin alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889 na kukulia mitaa ya kusini mwa London, si mbali na Southwark ya akina Bowler. Wazazi wake wote wawili, Charles na Hannah, walikuwa waimbaji wa majukwaani. Walitengana angali mdogo sana. Baba alizama kwenye ulevi, na ulimuua mwaka 1901 kabla hajafika miaka 40. Mama sauti ilimkatika, kazi ya kuimba ikaisha, akabaki kushona nguo za watu ili awalishe Charlie na kaka yake wa mama mmoja, Sydney.

Mwaka 1896 walishindwa kabisa. Waliingia katika nyumba ya mafukara ya Lambeth. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na nyumba kama hizo kwa wasio na chochote. Ukiingia unavuliwa nguo zako, unapewa sare, na familia inatenganishwa: mama upande wake, watoto upande wao. Charlie alikuwa na miaka saba.

Kutoka hapo watoto walipelekwa shule ya mafukara huko Hanwell. Charlie alipata mapunye. Alinyolewa kipara, akapakwa dawa ya iodini kichwa kizima, akafungwa kitambaa. Wenzake waliwakwepa wenye vitambaa. Mtu ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa kofia yake alionja mapema aibu ya kuona haya kwa sababu ya kichwa chake.

Kuna siku moja ya kipindi hicho aliyoikumbuka hadi uzeeni. Mama yao aliomba ruhusa ya kutoka na wanawe kwa siku moja. Walikwenda kwenye bustani ya Kennington, wakacheza na mpira wa makaratasi ya gazeti, wakala matunda yaliyonunuliwa kwa senti chache alizokuwa nazo Sydney. Jioni wakarudi wenyewe kwenye nyumba ya mafukara, wakavuliwa nguo zao na kuvishwa sare tena.

Baadaye Hannah alipata maradhi ya akili na kulazwa hospitali mara kadhaa. Charlie alijifunza kuishi kwa kucheza. Alipokuwa na miaka kumi hivi alikuwa tayari kwenye kikundi cha watoto wacheza ngoma za viatu. Mwaka 1908 aliingia kundi la vichekesho la Fred Karno, na kwa kundi hilo akafika Marekani.

Nguo za watu watano

Mwishoni mwa 1913 kampuni ya filamu ya Keystone, California, ilimwajiri kwa dola 150 kwa wiki. Filamu yake ya kwanza, ya Februari 1914, haikumfurahisha. Humo alivaa kama bwana wa mjini na kofia ndefu. Mkurugenzi akamtaka atafute vazi jingine.

Chaplin aliingia chumba cha nguo na wazo moja: kila kitu kipingane na mwenzake. Suruali iwe pana, koti libane. Viatu viwe vikubwa, kofia iwe ndogo. Kwa simulizi za studio ile, suruali ilikuwa ya Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mnene kuliko wote. Viatu vilikuwa vya Ford Sterling, na ilibidi cha kulia akivae kushoto ili visimvuke. Kofia ya Bowler, inasemekana, ilikuwa ya baba mkwe wa Arbuckle. Akaongeza fimbo, na sharubu fupi za bandia za kumzeesha kidogo, maana alikuwa na miaka 24 tu.

Alipojitazama alimwona mtu kamili: mzururaji asiye na nyumba wala senti, lakini anayeishi kama muungwana. Suruali imechakaa, kofia iko sawasawa. Anaiinua kumsalimia bibi tajiri, anaiinua kwa polisi anayemkimbiza, na akiangushwa chini jambo la kwanza ni kuiokota na kuifuta vumbi.

Hapo ndipo ilipo siri ya kicheko chake. Kofia ya karani na meneja ilikaa juu ya kichwa cha mtu aliyelala barabarani, na kila aliyetazama alilazimika kujiuliza kama heshima ya mtu inapimwa kwa mfuko wake. Maskini waliomtazama walijiona. Walicheka, lakini hawakuwa wanachekwa.

Utajiri, lawama na kufukuzwa

Mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1916 alitia saini mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka mmoja, mshahara ambao ulikuwa gumzo dunia nzima. Mwaka 1919 yeye na wasanii wenzake watatu waliunda kampuni yao ya kusambaza filamu, United Artists, ili wasitegemee matajiri wa studio. Filamu hazikuwa na sauti, hivyo hazikuhitaji tafsiri. Mkulima na waziri walizielewa sawasawa.

Katika The Kid ya mwaka 1921, mzururaji analea mtoto aliyetupwa, na maofisa wanapokuja kumnyang'anya ampeleke kwenye makao ya yatima, anapigana. Aliyejua Lambeth na Hanwell alijua hadithi hiyo imetoka wapi. Katika Modern Times ya 1936, anasagwa na mashine za kiwandani. Mwaka 1940, katika The Great Dictator, alicheza watu wawili wanaofanana sura: dikteta wa kumkejeli Hitler, aliyezaliwa siku nne tu baada yake, na kinyozi Myahudi. Dikteta ana kofia ya kijeshi, kinyozi ana kofia ya Bowler.

Chaplin hakuwa malaika. Alioa mara nne, na wake wawili wa kwanza walikuwa na miaka 16 alipowaoa. Kesi za mahakamani zilimwandama na magazeti yakazishangilia. Zaidi ya hapo, serikali ya Marekani ilimshuku kuwa ni mkomunisti. Septemba 1952, akiwa melini kwenda Uingereza kuonyesha filamu yake mpya, alifutiwa kibali cha kurudi. Alihamia Uswisi na mkewe Oona na watoto, katika nyumba ya Manoir de Ban karibu na mji wa Vevey.

Miaka 20 ilipita. Aprili 1972 Hollywood ilimwita ipokee radhi yake kwa kumpa tuzo ya Oscar ya heshima. Ukumbi wote ulisimama na kupiga makofi kwa dakika nyingi. Hakikuwa kilemba cha ukoka. Watu walilia. Kisha Jack Lemmon, mwigizaji, akamkabidhi kofia ya Bowler na fimbo. Mzee wa miaka 82, mwili umechoka, aliiweka kichwani akairusha juu kidogo kama alivyofanya ujanani. Ukumbi ukalipuka upya.

Alifariki siku ya Krismasi ya 1977, akiwa na miaka 88. Nyumba yake ya Uswisi ni makumbusho tangu 2016.

Kofia za zamani zinavyotunzwa

Chaplin alitumia kofia nyingi, si moja. Ndiyo maana wakusanyaji huuliza kwanza ushahidi: nani aliipokea kutoka kwake, lini, na barua iko wapi. Halafu hutazama ndani: mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso, nembo ya fundi, bitana na namba ya ukubwa.

Kofia ya Bowler haifumwi. Manyoya ya sungura hushindiliwa kwa maji ya moto na mvuke mpaka yashikane kuwa kitambaa kizito, kisha hugandishwa kwa gundi ya asili iitwayo shelaki. Kwa hiyo ikibonyea haipigwi nyundo. Fundi huipasha mvuke wa birika taratibu mpaka shelaki ilainike, huisukuma kutoka ndani kwa vidole, na kuiacha ipoe katika umbo lake. Ikipata moto mwingi shelaki huchuruzika na kofia imekwisha. Vumbi hutolewa kwa brashi laini, kufuata mlalo wa manyoya. Fundi mzuri pia hajaribu kuifanya mpya. Alama ya jasho na mkwaruzo wa ukingoni ni sehemu ya historia yake.

Kuna hatari ya kujua. Zamani viwanda vililainisha manyoya kwa zebaki, ileile wanayoijua wachimbaji wadogo wa dhahabu. Watengeneza kofia walipata kutetemeka mikono na kuchanganyikiwa akili. Marekani iliachana na zebaki kwenye kofia mwaka 1941, lakini kofia kuukuu inaweza kuwa nayo bado. Wanaozitengeneza huvaa glavu, hufungua madirisha, na hawazipashi mvuke kwenye jiko la kupikia chakula.

Mengi ya haya yanaifaa pia kofia ya pama ya babu iliyo sandukuni, nayo ikiwa ya manyoya ya kushindiliwa. Usiifue kwa sabuni na maji. Usiianike juani mchana kutwa. Usiishike kwa kubana kilele chake, hupasuka hapo. Ukiiweka, ilaze kichwa chini ili ukingo usipinde. Nondo ndio adui mkubwa, basi itoe, ikague na kuipiga brashi mara kwa mara.

Na jambo la mwisho halihitaji fundi. Chukua kipande cha karatasi, andika jina la aliyeivaa, kijiji chake, kazi yake na mwaka unaoukumbuka, kisha kitie ndani ya mkanda wa kofia. Hizo kofia za mnadani zisingekuwa na ushahidi wa aliyezivaa, zingeuzwa kwa bei ya kofia nyingine yoyote. Ya babu hatauza mtu, lakini mjukuu atakayeifungua miaka 40 ijayo atajua ilikuwa ya nani.