Imaam Ash-Shaafi'iy: Alivyosoma Na Alivyosomesha – Funzo Kwa Wazazi Wenye Watoto Wazito Wa Kufahamu

AlhamduliLLaah, Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Rehma na Amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake. Ama ba'd:

Ndugu zetu wazazi, katika nyumba yenye watoto watatu au wanne hukosi kumkuta mmoja anayehifadhi Suurah kwa kuisikia mara mbili tatu, mwengine haimuingii mpaka aiandike, na mwengine anakaa na Aayah moja wiki nzima. Huyu wa mwisho ndiye anayepata maneno makali. Hulinganishwa na ndugu zake mbele ya wageni, huitwa mzito, na baada ya muda naye huamini kuwa elimu haikuumbwa kwa ajili yake. Wapo walioacha chuo kwa njia hiyo, na kilichowatoa ni aibu, wala hawakushindwa na masomo.

Tumeona tuyaangalie haya kupitia maisha ya Imaam Ash-Shaafi'iy (Rahimahu Allaah), ambaye wengi wetu visiwani tunaswali, tunafunga na tunaoana kwa Fiqh yake. Jina lake kila mtoto wa chuoni analijua. Namna alivyosoma, na namna alivyowasomesha wengine, hayo hayasimuliwi sana majumbani.

Kuzaliwa Kwake Na Mama Yake

Jina lake ni Muhammad bin Idriys, kun-ya yake Abu 'Abdillaah. Ni Mquraysh wa ukoo wa Al-Muttwalib, na nasaba yake inakutana na ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kwa babu yao 'Abdu Manaaf. Alizaliwa Ghazzah, Palestina, mwaka 150H (767), mwaka ule ule aliofariki Imaam Abu Haniyfah (Rahimahu Allaah).

Baba yake alifariki yeye angali mdogo sana. Alibaki na mama yake, mjane asiye na mali, katika mji usio wa jamaa za mumewe. Mama huyu aliona kuwa akiendelea kukaa Ghazzah, mtoto atakua bila ya kuwajua watu wake, na nasaba yake itapotea. Akamchukua na kumpeleka Makkah. Huko walikuwa na jamaa, na Msikiti Mtukufu ulikuwa umejaa Maulamaa. Umasikini lakini uliwafuata huko huko.

Alivyosoma Kwa Sikio

Mama alimpeleka kwa maalim wa Qur-aan, na hakuwa na ada ya kumlipa. Maalim kwa hiyo hakumshughulikia kama alivyowashughulikia wengine. Mtoto alikaa pembeni akasikiliza. Maalim alipomsomea mwengine, yeye aliyadaka yale maneno, na maalim alipoondoka, yeye aliwarudilia wenzake somo lile. Mwalimu alipoliona hilo, alitambua kuwa msaada anaoupata kwa mtoto huyu unapita ada yoyote, akamuacha asome bila ya malipo. Imepokewa kuwa alikamilisha kuhifadhi Qur-aan akiwa na umri wa miaka 7.

Tuangalie jambo moja hapa. Mtoto huyu alikuwa akisoma na kusomesha kwa wakati mmoja. Kila aliporudia somo kwa wenzake, lilizidi kukaa katika moyo wake. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii nyumbani anaweza kumwambia amsomeshe mdogo wake kile alichokisoma chuoni leo. Akikosea, atajijua mwenyewe alipokosea.

Alivyosoma Kwa Mkono

Alipomaliza Qur-aan alianza kukaa Msikitini katika vikao vya Maulamaa, akisikia Hadiyth na mas-ala ya Fiqh. Mama hakuwa na cha kununulia karatasi. Kijana akawa anaokota mifupa mipana ya wanyama, anaandika juu yake yale aliyoyasikia, na ukijaa mfupa huutia ndani ya mtungi wa zamani uliokuwako nyumbani kwao. Vile vile alikwenda katika ofisi za serikali kuomba karatasi zilizokwisha kutumika, akaandika upande wa nyuma uliobaki mweupe.

Mama angeweza kusema nyumba imejaa mifupa, itupwe. Yeye aliuachia mtungi ule nafasi katika nyumba yao ndogo. Katika vyuo vyetu vya zamani watoto walikuwa na mbao zao, wanaandika, wanasoma, wanafuta, kisha wanaandika tena, na wapo waliohifadhi kwa njia hiyo na wasingehifadhi kwa nyengine. Mtoto ambaye sikio halimtoshi, apewe daftari na kalamu, au ubao na chaki, aandike Aayah kwa mkono wake kabla ya kutakiwa kuisoma kwa moyo.

Alivyosoma Kwa Safari Na Mchezo

Kisha alitoka mjini akaenda kuishi na kabila la Hudhayl jangwani. Hao walikuwa mashuhuri kwa ufasaha wa Kiarabu. Alihama pale walipohama na kukaa pale walipokaa, akajifunza lugha yao na mashairi yao kwa kuishi nao. Baadaye bingwa mkubwa wa lugha, Al-Asma'iy, aliyasahihisha kwake mashairi ya Hudhayl.

Tena alikuwa akipenda kulenga mishale. Imepokewa kuwa alifika daraja ya kurusha mishale 10 na yote 10 ikafika shabaha. Elimu na mishale ndivyo vitu viwili alivyovipenda ujanani, na mchezo ule haukumtoa katika elimu. Leo wapo wazazi wanaomnyima mtoto mpira wa baada ya Alasiri au kuogelea pwani kwa kudhani kuwa kila saa ya mchezo ni saa iliyoibiwa elimu. Swalah isipotwe na masomo yasiachwe. Lakini mtoto aliyechoka kukaa hafahamu kitu, hata ukimuweka mbele ya kitabu mpaka Ishaa.

Mama Aliyeweka Nyumba Rehani

Alirudi Makkah akasoma Fiqh kwa Mufti wa mji, Muslim bin Khaalid Az-Zanjiy, na Hadiyth kwa Sufyaan bin 'Uyaynah. Akaihifadhi Al-Muwattwa ya Imaam Maalik yote, kisha akafunga safari kwenda Madiynah kwa mwenye kitabu. Alimsomea kwa moyo, na Imaam Maalik alipendezewa na usomaji wake. Aliendelea kusoma kwake, na Imaam Maalik alifariki mwaka 179H.

Baada ya hapo alipata kazi Yemen. Imepokewa kuwa hapakuwa na nauli, wala mama hakuwa na cha kumpa. Nyumba ikawekwa rehani kwa dinari 16, akasafiri kwa pesa hizo. Huyu ni mjane aliyekuwa na nyumba tu duniani. Hatusemi kila mzazi aweke nyumba rehani. Tunasema kuwa nyuma ya Imaam huyu alikuwako mzazi aliyelipa gharama katika kila hatua, ya pesa palipohitajika pesa, na ya subira palipokuwa hapana pesa.

Mwaka 184H alifikishwa Baghdaad mbele ya Khalifa Haaruun Ar-Rashiyd kwa tuhuma za siasa, Allaah Akamuokoa. Hapo akakaa na Muhammad bin Al-Hasan, mwanafunzi mkubwa wa Abu Haniyfah, akaandika kutoka kwake elimu ya watu wa Iraaq. Hivyo zikakutana kwake elimu ya Hijaaz na elimu ya Iraaq, naye akaandika kitabu chake Ar-Risaalah katika misingi ya Fiqh.

Alivyowasomesha Wengine

Mwaka 199H aliingia Misri, na huko ndiko alikokaa mpaka mwisho wa uhai wake, akisomesha katika Msikiti wa 'Amr bin Al-'Aasw. Imepokewa kuwa aliigawa asubuhi yake. Baada ya Alfajiri walikuja watu wa Qur-aan. Jua likipanda walikuja watu wa Hadiyth. Kisha ukafuata wakati wa majadiliano, na baada yao watu wa lugha na mashairi, mpaka karibu na adhuhuri. Mwalimu alikuwa mmoja, na kila kundi lilipata mlango wake.

Wanafunzi wake wakubwa wa Misri nao hawakufanana. Al-Buwaytwiy alikuwa mtu wa 'ibaadah na msimamo, ndiye aliyeshika kikao baada yake, na alifia katika jela ya Baghdaad mwaka 231H kwa kukataa kusema kuwa Qur-aan imeumbwa. Al-Muzaniy alikuwa mkali wa hoja, na ndiye aliyeifupisha elimu ya mwalimu wake katika Mukhtasari wake mashuhuri.

Wa tatu ni Ar-Rabiy' bin Sulaymaan Al-Muraadiy, muadhini wa Msikiti ule. Maulamaa wametaja kuwa alikuwa mzito wa kufahamu. Imepokewa kuwa Imaam alimrudilia mas-ala moja mara 40, na bado hakuyafahamu. Ar-Rabiy' akaona haya, akainuka na kuondoka kikaoni. Imaam hakumkemea wala hakumfanyia mzaha mbele ya wenzake. Alimwita baadaye faraghani, wakiwa wawili tu, akaendelea kumrudilia mpaka akafahamu.

Ar-Rabiy' wakati huo alikuwa mtu mzima, na hata hivyo aibu ilimtoa kikaoni. Itakuwaje kwa mtoto wa miaka 8 anayeambiwa mbele ya ndugu zake kuwa hana akili?

Imaam Ash-Shaafi'iy alifariki mwishoni mwa Rajab mwaka 204H (820), akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa Misri. Ar-Rabiy' aliishi baada yake miaka 66, mpaka mwaka 270H. Ar-Risaalah na Al-Umm, vitabu viwili vikubwa vya madhehebu, vimetufikia kwa riwaya yake. Watu walisafiri kutoka nchi za mbali kwenda kuvisikia kwake. Msafiri Ibn Battuutwah alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wa pwani hii ni wafuasi wa Ash-Shaafi'iy. Elimu iliyotufikia sisi ilipita, kwa sehemu kubwa, katika mikono ya mwanafunzi aliyekuwa mzito. Lau mwalimu angechoka katika mara ya 39, tungekosa mangapi?

Ya Kufanya Majumbani

Kwanza, tusimfunge mtoto kwa jina. Tusiseme huyu ni wa kusikia tu na yule ni wa kuandika tu. Imaam mwenyewe alisoma kwa sikio, kwa mkono, kwa safari na kwa kusomesha. Mtoto akikwama kwa njia moja, tujaribu nyengine, na mara nyingi njia mbili pamoja hufaa zaidi ya moja.

Pili, kurudia ni sehemu ya kusomesha. Kidogo kila siku baada ya Magharibi, Aayah mbili au tatu, ni bora kuliko ukurasa mzima siku ya Ijumaa usiku kwa kelele na bakora.

Tatu, makosa yasahihishwe faraghani. Sifa ndizo za kutolewa mbele ya watu, na mtoto asipimwe kwa kaka yake wala dada yake.

Nne, mtoto anayechelewa sana apelekwe hospitali akapimwe macho na masikio. Wapo watoto waliopigwa miaka kwa uvivu, kumbe hawaoni maandishi ya ubaoni. Na wazazi wazungumze na maalim wa chuoni na mwalimu wa skuli, wajue mtoto anakwama wapi hasa.

Tano, du'aa isikatike. Fahamu ni katika neema za Allaah, Humpa Amtakaye kwa wakati Autakao, na mzazi hajui ni yupi katika watoto wake atakayeibeba elimu baada yake.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Amrehemu Imaam Ash-Shaafi'iy, mama yake na wanafunzi wake, Awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na Aturuzuku sisi wazazi subira ya kurudia mara ya 41. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.