Fela Sowande: Mwanakwaya Ambaye Bara Lake Lilimsahau

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 50 ya kwaya yetu, tumeona vyema kijitabu hiki kisieleze habari zetu peke yake. Tumechagua kuwasimulia pia maisha ya mwanakwaya mmoja wa Nigeria, marehemu Fela Sowande. Wengi wakisikia jina Fela humkumbuka Fela Kuti wa muziki wa dansi. Huyu ni mwingine, na alimtangulia. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa na mtunzi wa muziki wa okestra. Mwalimu wetu alipotutajia jina lake wakati wa mazoezi ya jubilii, hakuna hata mmoja wetu aliyemfahamu. Tuliona aibu kidogo, kwa maana majina ya watunzi wa Ulaya tunayajua tangu tukiwa watoto.

Sowande alizaliwa katika nchi ya Wayoruba, mwezi wa Mei mwaka 1905. Baba yake alikuwa kasisi wa Anglikana na mpenzi wa muziki. Mtoto alipopelekwa Lagos kusoma, aliingia katika kwaya ya Kanisa Kuu la Kristo. Hapo alilelewa na Thomas Ekundayo Phillips, aliyekuwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya ya kanisa hilo kwa karibu miaka 50. Kutoka kwake alijifunza kupiga kinanda kikubwa cha mabomba, na kutoka kwake pia alipata swali lililomfuata maisha yake yote: Mwafrika amwimbie Mungu kwa sauti ya nani?

Swali hilo halikuwa la maneno matupu. Katika Kiyoruba, neno moja likipandishwa au kushushwa sauti hugeuka maana. Wamishonari walipochukua tenzi za Ulaya na kuweka maneno ya Kiyoruba juu yake, muziki ulipanda pale neno lilipotaka kushuka, na waumini wakajikuta wanaimba mambo yasiyokusudiwa. Sisi tunaoimba kwa Kiswahili hatupati taabu hiyo, lakini wenzetu wanaoimba kwa Kikuyu, Kikamba au Kijaluo wataelewa mara moja. Phillips na wenzake walianza kutunga nyimbo za ibada zinazofuata sauti za lugha yao, na kijana Sowande alikua akizisikia.

Katikati ya miaka ya 1930 alisafiri kwenda London. Nia ilikuwa kusomea uhandisi, lakini muziki ulimvuta. Ili kujikimu alipiga piano na kinanda katika vilabu vya usiku, na alifanya kazi na mwimbaji maarufu Mmarekani mweusi, Adelaide Hall. Hatulifichi jambo hilo, kwa kuwa ndilo lililomlipia chakula na masomo. Mchana alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1943 alifaulu mtihani wa juu kabisa wa chuo cha kifalme cha wapiga vinanda cha Uingereza, na akanyakua tuzo pamoja na cheti. Kuanzia 1945 hadi 1952 alikuwa mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya wa Wamethodisti katika Kingsway Hall, katikati ya London. Mwana wa kwaya ya Lagos sasa aliwaongoza Waingereza katika sifa, nchi yake ikiwa bado koloni lao.

Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1944, alitunga African Suite, mfululizo wa vipande vitano vya okestra ya vyombo vya nyuzi. Katika baadhi ya vipande hivyo alitumia tuni za mwalimu Ephraim Amu wa Ghana. Huyu Amu alikuwa amepoteza kazi yake katika chuo cha kanisa huko Akropong mwaka 1933, kwa sababu ya kuingiza mavazi na muziki wa Kiafrika katika ibada. Kwa hiyo tuni za mtu aliyekataliwa na wakubwa wa kanisa nyumbani zilipata makao katika fidla za London. Kipande cha mwisho, kiitwacho Akinla, kilitumiwa na redio ya taifa ya Kanada kwa miaka mingi kufungulia kipindi cha muziki. Bila shaka wako wengi waliokijua kwa masikio bila kujua kwamba kilitungwa na Mwafrika.

Baada ya hapo alitunga vipande vya kinanda, na vingi vilipigwa chapa katika miaka ya 1950: Obangiji, Kyrie, Jesu Olugbala, yaani Yesu Mwokozi, na Oyigiyigi. Humo alichukua nyimbo za Wayoruba na kuzipitisha katika ufundi alioupata kwa mabwana wa Ulaya. Vilevile alivipa kinanda nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, kama ule wa Musa kutumwa kwa Farao.

Alirudi Nigeria kuongoza muziki katika shirika la utangazaji, na uhuru ulipokuja mwaka 1960 alilitungia taifa Nigerian Folk Symphony. Baadaye alifanya utafiti Ibadan, hata juu ya dini ya jadi ya Ifa, jambo ambalo baadhi yetu huenda tusingekubaliana naye. Mwaka 1968 alihamia Marekani, akafundisha katika vyuo vikuu vya Howard, Pittsburgh na Kent State. Alifariki Machi 1987 huko Ravenna, Ohio, akiwa na miaka 81.

Mbona basi akasahaulika? Tunaona sababu tatu. Nakala za manoti ziliadimika madukani, na muziki usio na karatasi haupigwi. Pili, huko Ulaya waliotaka muziki wa Afrika walitaka ngoma, si kinanda. Ya tatu inatuuma zaidi: sisi wenyewe tulidhani kinanda ni cha Wazungu, na makanisa yetu machache yana kinanda cha mabomba. Ng'ambo alionekana Mwafrika mno, na nyumbani akaonekana Mzungu mno.

Siku hizi kaburi hilo linafunguka. Wapiga vinanda wanatafuta upya kazi zake. Mwezi wa Agosti 2021, okestra ya Chineke!, ambayo wanamuziki wake wengi ni weusi na wa jamii nyingine ndogo, ilipiga African Suite katika tamasha la Proms, Royal Albert Hall, London. Ilikuwa miaka 77 tangu itungwe.

Wapendwa, tulipofika hapo tulijitazama. Katika miaka 50 kwaya hii imetunga nyimbo zake, nyingine za mazishi, nyingine za mavuno, nyingine za kuwekwa wakfu jengo hili. Tulipotaka kuziimba leo, ya tatu katika orodha yetu hatukuweza. Aliyeitunga amelala, daftari lake la solfa halikuonekana, na wazee wetu wanakumbuka sauti ya kwanza peke yake. Sowande alipotea miaka mingi, lakini karatasi zilikuwepo mahali, zikangoja. Wimbo wetu haukuachiwa karatasi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo sadaka yetu ya jubilii ni hii: kila wimbo uliotungwa hapa utaandikwa kwa solfa, sauti zote nne, pamoja na jina la mtunzi, na nakala moja itakaa ofisi ya kanisa. Mwenye daftari la zamani nyumbani, hata likiwa limeliwa na mchwa pembeni, tunamwomba alilete. Na leo, kabla ya wimbo wa mwisho, mpiga kinanda wetu atatupigia Akinla kwa kinanda chetu kidogo. Tusimame kwa heshima ya wote walioimba kabla yetu.