Joginder Singh, Simba Aliyezaliwa Kericho

Katika jarida la chama chetu wasifu huwa ni wa watu wale wale: wanasiasa, waandishi na wanariadha. Si vibaya. Lakini mwaka huu mimi nimeonelea niandike habari za dereva, tena dereva wa papa hapa nyumbani. Kilichonisukuma ni ubishi usioisha darasani mwetu kila wakati wa mapumziko: eti gari lipi ni kali kuliko yote? Mmoja hutaja hospawa, mwingine hutaja spidi, na mwenye namba kubwa ndiye hupigiwa makofi. Jamani, lau namba zingetosha, mtu nitakayemsimulia asingejulikana.

Joginder Singh alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 katika mji wa Kericho. Wazazi wake walitoka Punjab, nchini India, na baba yake alikuwa na gereji. Kwa hiyo kijana Joginder alikua katika harufu ya grisi na petroli. Alijifunza kufungua injini na kuifunga kabla ya kujulikana kwa kuendesha. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia walioharibikiwa na magari. Barabara za wakati huo, kama mjuavyo, nyingi zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika. Hizo ndizo zilizokuwa shule yake.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Enzi hizo za ukoloni watu waligawanywa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, naye Mwafrika chini kabisa. Madereva waliotajwa sana walikuwa Wazungu. Joginder aliingia katika Safari mwaka wa 1959 akiwa Kalasinga mwenye kilemba chake, fundi wa magari, na hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake.

Mwaka wa 1965, Kenya ikiwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru, alishiriki pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 lenye injini ya cc 1778. Tena halikuwa jipya! Lilikuwa limekwisha kutumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Joginder alilitengeneza, akapewa namba 1, akaondoka wa kwanza na kurudi mshindi. Tangu hapo akaitwa Simba wa Kenya, na magazeti ya Kiingereza yakamwita Kalasinga Apaaye.

Sasa natua kwenye ule ubishi wetu. Mwaka wa 1974 alikuja Björn Waldegård, dereva hodari kutoka Uswidi, akiwa na Porsche 911 Carrera RS. Hilo ni gari la spoti la milango 2 ambalo mpaka leo wapenzi wa magari hulitaja kwa heshima. Injini yake imekaa nyuma, ina silinda 6 zilizolala, 3 kila upande, nayo hupozwa kwa hewa bila redieta ya maji. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 90, na pistoni husafiri milimita 70.4. Ukitumia ile kanuni ya mche duara tuliyofundishwa katika hisabati, utapata sentimita za ujazo 447.9 kwa silinda moja. Zidisha kwa 6, unapata cc 2687. Lile lililouzwa dukani lilitoa hospawa 210 kwa mizunguko 6300 kwa dakika, na mwendo wake ulifika kilomita 240 kwa saa. Si mchezo!

Joginder naye, pamoja na msaidizi wake David Doig, alikuwa na Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Silinda zake ni 4 tu. Kipenyo ni milimita 76.9 na mwendo wa pistoni ni milimita 86. Piga hesabu tena, utapata cc 1597. La dukani lilikuwa na hospawa kama 110 hivi. Ingawa magari ya mashindano huongezwa nguvu kuliko ya dukani, pengo lilikuwa wazi.

Lakini tazameni tena zile namba, maana zinaeleza mengi kuliko ukubwa. Silinda ya Porsche ni pana na safari ya pistoni ni fupi. Injini ya namna hiyo hupenda kuzunguka kwa kasi. Silinda ya Lancer ni nyembamba na safari ni ndefu. Injini ya namna hii kwa kawaida huvuta vizuri hata ikizunguka polepole. Simdharau Porsche, la hasha. Uzito wa injini ukikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, gari hushika matope vizuri. Ninachosema ni kwamba kila injini ina tabia yake, na dereva asiyeijua tabia hiyo ni kama mtu aliyepanda farasi wa kuazima.

Safari ya mwaka huo ilikuwa ya mvua na matope, kama yale ya njia zetu za majani chai ambamo hata trekta hutia nanga. Mwishowe Joginder alishika nafasi ya kwanza, Waldegård na Porsche yake ya pili, na Sandro Munari wa Italia na Lancia Fulvia akawa wa tatu. Mwaka wa 1976 Joginder akashinda tena kwa Lancer, na mara hii nafasi zote tatu za kwanza zikachukuliwa na Mitsubishi. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara 3. Shekhar Mehta ndiye aliyempita baadaye kwa kushinda mara 5.

Siri yake ilikuwa nini? Mimi naiona katika hesabu moja ambayo wabishi wetu hawaitaji: aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Katika mashindano ambayo magari mengi yaliachwa porini, huo ni muujiza wa ufundi. Alijua chuma kinachoka wapi, na alijua lini pa kukanyaga na lini pa kuachilia. Dereva aliyewahi kuifunga gia kwa mikono yake hawezi kuivunja ovyo.

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, na vijana wengi hushangilia madereva wa ng'ambo bila kujua kwamba Simba alizaliwa Kericho, mji ulio kwenye barabara hii hii ipitayo Chepseon.

Wenzangu, kuna kasumba humu shuleni kwamba gereji ni ya waliofeli. Anayesema anataka kuwa makanika huchekwa. Waama, Joginder alitoka gereji na akawashinda wenye kampuni kubwa, mbele ya dunia nzima. Mwenye kupenda magari asikariri namba tu kama kasuku. Na achukue spana, ajifunze zile namba zinafanya kazi gani. Wahenga walinena, na hawakukosea, kuwa mgagaa na upwa hali wali mkavu.