Bibi Salme, binti wa Sultani aliyetuachia habari za vitambaa vya hariri

Hapa Kiomboi mama wengi hawatoki nyumbani bila kitambaa kichwani. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeandika jinsi wanawake wa Unguja walivyovaa zamani.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Sultani Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi aliyeletwa akiwa mtumwa.

Jumbani, bibi na mtumwa wote walivaa vitu vitatu: suruali, kanzu ndefu na kitambaa cha kichwa. Tofauti ilionekana kwenye nguo yenyewe. Mwenye mali alivaa hariri iliyotariziwa, na mabibi walitarizi kwa mikono yao wenyewe. Wakitoka nje, walijifunika kwa barakoa na shela.

Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifundisha kwa siri, akiiga herufi za Kurani. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, alimwandikia barua kaka yake Barghash aliyetaka kumpindua kaka yao Majid. Jaribio hilo lilishindwa.

Mwaka 1866 alipata mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Akahofia maisha yake, akatoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden. Mwaka 1867 alibatizwa, akaolewa na kuitwa Emily Ruete, kisha wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafariki, akamwachia watoto watatu wadogo.

Alirudi Unguja mwaka 1885 na 1888 kudai urithi wake, lakini hakuupata. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake, akieleza mavazi, chakula na malezi ya nyumbani kwao. Ipo pia picha yake iliyopigwa Hamburg, akiwa amevaa mavazi ya Unguja. Alifariki Jena mwaka 1924.

Mali ya baba yake hakuipata, lakini kwa maandishi yaliyoanza kwa siri tunajua bibi zetu wa pwani walivyojipamba. Jumba la makumbusho la Forodhani, Unguja, limewahi kuwa na chumba cha kumbukumbu yake.

Nanyi mabibi wa Iramba mnaotusikiliza, kama sandukuni mna kitambaa cha zamani, waelezeni wajukuu kilivyofungwa na kilivaliwa siku gani. Wajukuu wanaojua kuandika, waandike.