Maisha ya Marehemu Kleist Sykes, Karani wa Gerezani

Ni ada ya vijitabu vya ukumbusho wa ushirika kuanza na habari za wafumaji wa Rochdale katika Uingereza. Mwaka 1844 watu 28 wa mji ule, watu wa kazi wasio na mali, walichanga kidogo kidogo hata wakapata paundi 28, na tarehe 21 Desemba wakafungua duka lao dogo katika njia iitwayo Toad Lane, wakauza unga, siagi na sukari. Habari hizo ni njema, na wanachama wetu wamezisikia katika kila mafunzo ya kamati. Lakini sasa Muungano wetu unapotimiza miaka kumi, tuliulizana: Je, hapa petu Ilala hakupata kuwako mtu wa kazi, asiye chifu wala tajiri wa kuzaliwa, ambaye maisha yake yaweza kutufundisha jambo lile lile?

Tulipotafuta hatukwenda mbali. Kutoka soko la Kariakoo hadi Gerezani ni mwendo mfupi wa miguu, na huko uko mtaa uitwao Kleist Sykes, ambao zamani uliitwa Kipata. Vijana wengi hupita humo na mikokoteni yao bila kujua kwamba hilo ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo aliishi pale pale. Basi twaonelea yafaa tueleze habari zake kwa ufupi.

UKOO WAKE

Asili ya ukoo huu si Dar es Salaam. Mwaka 1889, Wajerumani walipopigwa vita na watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri bin Salim, ofisa wao Hermann von Wissmann alikwenda kutafuta askari katika nchi za Waafrika wengine. Wengine aliwapata Misri, watu wa Sudani. Wengine aliwapata Mozambiki, upande wa Inhambane, watu wa kabila la Kizulu. Miongoni mwa hao wa Inhambane alikuwamo Sykes Mbuwane, baba yake Kleist.

Hatuna haja ya kuificha habari hii. Askari wale waliletwa ili kuwavunja nguvu wenyeji wa nchi, na kazi hiyo waliifanya. Mwaka 1894 Wajerumani waliishambulia ngome ya Mkwawa kule Kalenga, na Mbuwane alikuwamo vitani. Katika kurudi, akiswaga ng'ombe na kondoo wa ngawira, alizama katika mto Ruaha akafa. Mwaka huo huo wa 1894 ndio aliozaliwa Kleist. Kwa hiyo mtoto hakupata kumjua baba yake.

Yatima huyu alilelewa na Mzulu mwenziwe marehemu, Effendi Plantan, aliyekuwa mkubwa wa askari wale. Alikua pamoja na watoto wa Plantan kama ndugu wa tumbo moja, na kwa miaka mingi alitumia jina la mlezi wake kabla ya kulirudia jina la baba yake. Tazama basi majina aliyoyachukua: Kleist ni jina la Kijerumani, Sykes ni jina la ukoo litumiwalo sana na watu wa Yorkshire, Uingereza, na Mbuwane ni la kusini mwa Afrika. Mwenyewe alikuwa Mwislamu, na lugha ya nyumba yake ikawa Kiswahili. Hakuwa na shamba la ukoo, wala chifu wa kumwendea, wala kaburi la babu katika nchi hii. Alikuwa mtu wa mjini, na mji ndio uliokuwa kwao.

KAZI YAKE

Kleist alisoma katika shule ya Wajerumani, akajifunza lugha yao na kazi ya ukarani. Vita Kuu ya 1914 ilipoanza, alitumika upande wa Wajerumani chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck. Septemba 1916 Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam. Katika uwanja ambao Wajerumani walikuwa wameupima kwa makazi ya Waafrika, Waingereza waliweka kambi ya wapagazi wa vita, kwa Kiingereza Carrier Corps, na jina hilo likatamkwa na wenyeji Kariakoo. Watu wengi mno walikufa katika upagazi ule kwa maradhi na njaa. Sisi tunaouza na kununua Kariakoo leo, yafaa tukumbuke kwamba jina la soko letu ni jina la mizigo iliyochukuliwa vichwani mwa watu.

Vita ilipokwisha, Kleist alipata kazi ya ukarani katika Reli, akaifanya kwa miaka mingi. Karani wa siku zile alikuwa mtu wa kati: juu yake Mzungu, na mara nyingi Mwasia pia, na mshahara wa Mwafrika ukiwa ndio mdogo kuliko yote. Lakini kazi ile ilimfundisha mambo ambayo hayapatikani kwa fedha. Alijua kuandika barua isiyoweza kutupwa kwa kisingizio cha makosa. Alijua kuweka kumbukumbu ya neno lililosemwa, nani kalisema, na siku gani. Alijua kwamba fedha isiyoandikwa ni fedha iliyokwisha potea. Ujuzi huo aliokuwa akiuuza kwa Reli mchana, jioni aliwapa watu wake bure.

CHAMA NA NYUMBA YAKE

Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dakta James Aggrey, msomi Mwafrika mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, pamoja na ujumbe wa Marekani uliokuwa ukitazama elimu katika Afrika ya Mashariki. Kleist alipata kuonana naye, na Aggrey alimhimiza kwamba Waafrika waunde chama cha kuwaunganisha. Neno hilo lilimkaa moyoni. Miaka mitano ilipita kabla halijatimizwa, nasi hatuoni ajabu. Kwani wanachama wetu wajua jinsi ilivyo mbali kutoka kusema na kuwe na chama, hata kuwa nacho.

Mwaka 1929 African Association ilianzishwa mjini hapa. Rais wake alikuwa Cecil Matola, mwalimu Mkristo. Katibu wake alikuwa Kleist Sykes. Na pamoja nao walikuwako Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi na wengine, Wamanyema, Wazaramo, Wazulu, Wayao, na watu wa dini zote mbili. Hapo pana jambo la kutazamwa sana. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro aliunganishwa na mwenziwe na zao lao moja, na lugha yao moja, na mlima wao mmoja. Na sheria ya vyama vya ushirika ilipotungwa mwaka 1932, wao walikuwa tayari, na mwaka 1933 KNCU ikaanza. Watu wa mjini walikuwa na nini cha kuwaunganisha? Hawakuwa na zao. Hawakuwa na kabila moja. Walikuwa na daftari tu, na kanuni, na ada, na neno la kila mmoja kwamba atakuja siku ya mkutano.

Kisha wakataka nyumba. Chama kisicho na nyumba yake ni mgeni kila siku, leo yuko kibarazani kwa huyu, kesho kwa yule. Wakapata kiwanja New Street, kwenye pembe ya Kariakoo Street, wakajenga wenyewe kwa kujitolea, makarani na walimu pamoja na watu wa kazi za mikono, katika siku zao za mapumziko. Mwaka 1933 nyumba ilimalizika, ikafunguliwa na Gavana, Sir Stewart Symes. Gavana alikata utepe wa nyumba ambayo serikali yake haikuijenga, wala haikujua itakuja kuzaa nini.

Mwaka huo huo wa 1933 ilianzishwa Al Jamiatul Islamiyya, na Kleist akawa katibu wake pia, chini ya Mzee bin Sudi. Jumuiya hiyo nayo ilijenga shule papo hapo New Street, watoto wa Kiislamu wapate elimu ya dini na ya dunia. Hivyo karani mmoja alikuwa na kazi ya Reli, na vyama viwili, na wake na watoto nyumbani.

BIASHARA YAKE

Baadaye aliacha kazi ya Reli akajitia katika biashara, akastawi. Msomaji atatuambia kwamba mtu huyu hakuanzisha ushirika. Alikuwa na duka lake mwenyewe, na faida ilikuwa yake. Ni kweli, wala hatutaki kumvisha kanzu isiyo yake. Lakini na tutazame hali ya biashara ya siku zile. Duka la rejareja na la jumla lilikuwa mikononi mwa Wahindi na Waarabu, na Mwafrika hakuaminiwa kupewa bidhaa kwa mkopo. Wako waliojaribu kuungana: Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyekuwa na duka mjini hapa, mwaka 1934 aliwaunganisha wenye maduka Waafrika katika chama cha biashara na ustawi, na mwaka 1937 akatoa gazeti lake, Kwetu. Kwa njia mbalimbali, watu hawa walithibitisha kwamba Mwafrika aweza kuweka hesabu na kulipa deni. Bila uthibitisho huo, nani angetuamini sisi tuliokuja nyuma?

WALIOMRITHI

Kleist Sykes alifariki mwaka 1949. Hakuona matunda ya nyumba ya New Street. Wanawe watatu ndio walioyaona: Abdulwahid, Ally na Abbas. Abdulwahid na Ally walikwenda Burma katika Vita ya Pili. Waliporudi, Abdulwahid alikuwa katibu wa chama cha makuli wa bandarini, kisha kiongozi wa chama kile cha baba yake, kilichokuwa kimeitwa sasa Tanganyika African Association. Na kazi yake ya mshahara ilikuwa kuwa msimamizi wa soko hili hili la Kariakoo. Mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa rais wa chama na Abdulwahid makamu wake. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile ya pembeni mwa New Street, TANU ilizaliwa. Kadi ya kwanza ilikuwa ya Nyerere, ya pili ya Ally Sykes, ya tatu ya Abdulwahid. Desemba 9, 1961, nchi ikawa huru. Abdulwahid alifariki mwaka 1968, na New Street ikapewa jina la Lumumba.

FUNZO KWETU

Kwa nini twajua habari hizi? Kwa sababu yule karani aliandika. Kleist aliacha maandishi ya maisha yake, na mjukuu wake wa kike aliyatumia kutunga habari za babu yake, zikachapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Lakini wale waliochanganya udongo na kubeba mawe pamoja naye, wengi hawakuandikwa, na leo hakuna ajuaye majina yao.

Jambo hili limetugusa sisi wenyewe. Katika mwaka wetu wa pili daftari la michango ya kwanza lilipotea, nasi kwa uvivu hatukuwa na nakala. Mzee mmoja aliyekuwa mpakuzi wa magunia sokoni alifika akadai hisa zake, na sisi halmashauri hatukuweza kumjibu ndiyo wala siyo. Alitutazama, hakugomba, akaondoka. Miezi ilipita kabla wenziwe watatu hawajaja kumshuhudia, na tulipokwenda kumlipa tulimkuta amekwisha fariki. Fedha tuliwapa wanawe. Aibu ile hatujaweza kuilipa.

Ndiyo sababu, katika kurasa zinazofuata, tumeandika jina la kila mwanachama wa mwaka wa kwanza, mwenye hisa moja sawa na mwenye hisa mia, aliye hai na aliyekufa. Mwenye kujua jina tulilolisahau na alilete ofisini kwetu. Kalamu ingali mezani. Wala asifikiri mtu kwamba ukatibu wa tawi dogo ni kazi ya kudharauliwa. Mtoto wa mgeni aliyezama mtoni, asiye na shamba wala chifu, aliufanya mji huu kuwa kwao kwa wino na daftari, akajenga na wenziwe nyumba ambamo taifa zima lilikuja kuingia.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye, na wale wote wasioandikwa.