Cajal: Mtundu aliyefichua siri za ubongo

MVULANA wa miaka 11 aliyetiwa korokoroni katika mji mdogo wa Ayerbe, Uhispania, kwa kuharibu lango la jirani kwa mzinga aliojiundia mwenyewe, hakuonyesha dalili yoyote ya kuja kuwa msomi.

Hata hivyo, mtundu huyo, Santiago Ramón y Cajal, ndiye aliyekuja kuueleza ulimwengu jinsi ubongo na neva zinazouongoza mwili wa binadamu zilivyoundwa.

Cajal alizaliwa Mei 1, 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón. Babake, Justo Ramón, alikuwa daktari mpasuaji aliyepata elimu kwa taabu, na alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Mwana naye alipenda uchoraji, kazi ambayo mzee huyo aliidharau.

Alipochoshwa na utundu wake shuleni, Justo alimpeleka kujifunza kazi ya kinyozi, kisha ya kushona viatu.

Kilichowapatanisha wawili hao ni mifupa. Mwaka 1868 baba alimchukua mwanawe hadi makaburini kutafuta mifupa ya binadamu ya kujifunzia. Kijana alipoanza kuichora, alitambua kwamba kipawa chake kingeweza kumfaa katika udaktari. Alihitimu mjini Zaragoza mwaka 1873.

Mwaka uliofuata alipelekwa Cuba kama daktari wa jeshi, wakati kisiwa hicho kilipokuwa koloni la Uhispania lililo vitani. Malaria na ugonjwa wa kuhara damu vilimdhoofisha mno, akarejeshwa nyumbani mwaka 1875.

Baadaye aliteuliwa kuwa profesa mjini Valencia. Kipindupindu kilipozuka huko mwaka 1885, alijitosa kukichunguza, na serikali ya mkoa wa Zaragoza ikamtunuku hadubini ya hali ya juu.

Enzi hizo, wataalamu wengi waliamini kuwa neva zote mwilini zimeungana kama wavu mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Kutokana na imani hiyo, ilikuwa vigumu kueleza ni vipi ujumbe hufuata njia moja na kuacha nyingine.

Mwaka 1887, daktari Luis Simarro wa Madrid alimwonyesha Cajal vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa mbinu aliyoivumbua Mwitaliano Camillo Golgi mwaka 1873. Mbinu hiyo, inayotumia kemikali yenye madini ya fedha, huzigeuza seli chache tu kuwa nyeusi, nazo huonekana wazi kama miti iliyopukutisha majani.

Cajal aliiboresha kwa kurudia utiaji rangi na kwa kutumia ubongo wa ndege na wanyama wachanga, ambao neva zao hazijafunikwa na utando wa mafuta. Mwaka 1888, akiwa Barcelona, aliona kwamba kila seli imejitenga. Ncha zake huzikaribia seli jirani bila kushikana nazo.

Alichapisha matokeo hayo katika jarida aliloligharimia mwenyewe, lakini wachache walilisoma. Mnamo Oktoba 1889 alifunga safari hadi Berlin, akawaonyesha wataalamu sampuli zake. Albert von Kölliker, msomi aliyeheshimika sana, alishawishika na kuwa mtetezi wake.

Cajal alieleza pia kwamba ujumbe huingia kwenye seli kupitia matawi yake na kutoka kupitia uzi mmoja mrefu. Ndiyo maana mtu akigusa sufuria ya moto, ujumbe hukimbia hadi kwenye uti wa mgongo na amri ya kuuondoa mkono hurudi kwa misuli hata kabla ubongo haujahisi maumivu.

Mwaka 1906 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Golgi. Wahenga walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika hotuba yake jijini Stockholm, Golgi aliipinga nadharia ya mwenzake na kuutetea wavu, ilhali Cajal aliyathibitisha maoni yake kwa matokeo aliyoyapata kwa mbinu ya Golgi mwenyewe.

Cajal alifariki Madrid mnamo Oktoba 17, 1934 akiwa na umri wa miaka 82. Hakuwahi kuliona pengo lililopo kati ya seli moja na nyingine. Lilidhihirika miaka ya 1950 kupitia hadubini za elektroni, ingawa ilibainika pia kuwa baadhi ya seli huunganika moja kwa moja.

Michoro yake, ambayo babake angeiita upotevu wa wakati, ingali inatumiwa kuwafundisha madaktari.