Dkt. David Livingstone na Jamaa Yake

Dkt. Livingstone hakuwa Mlutheri, wala hakuanzisha usharika Ujiji. Hata hivyo ni miongoni mwa waliotutangulia katika pwani hii ya Ziwa Tanganyika. Alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 Machi 1813. Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat wa Kuruman, Afrika ya Kusini, wakajaliwa watoto sita.

Kazi ya utume iliitenga jamaa hiyo. Mwaka 1852 Mary na watoto wanne walipelekwa Uingereza. Kitinda mimba, Anna Mary, alizaliwa Kuruman kwa babu na bibi mwaka 1858. Baba yake alimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1864. Mary alikuwa amekwisha kufariki huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Januari 1867 hata Chitane, mbwa wake mpendwa aliyezoea kukimbia mbele ya msafara na kurudi kuwaangalia wa nyuma, alikufa maji.

Livingstone alifika Ujiji akiwa mgonjwa, tarehe 14 Machi 1869. Mwaka 1871 Stanley alimkuta hapo, akampa barua za nyumbani. Binti yake Agnes alitamani arudi, lakini alipendelea baba akamilishe kazi yake kuliko kurudi kwa kumridhisha yeye tu.

Hakurudi. Alifariki kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake hadi Bagamoyo. Tukimshukuru Mungu kwa watumishi wake, tuwakumbuke pia watoto waliowakosa baba zao.